Biharusi Ameinamisha Kichwa

Mume wangu Makame,

Nimerudi Mjini. Nakuandikia nikiwa chumba cha juu nyumbani kwa kaka yangu, Mkunazini, na mezani mbele yangu ipo ile kamba yako ya kuongozea farasi, ya buluu, yenye fundo ulilolifunga mwenyewe mwishoni ili isikuponyoke. Wifi yangu ameshaniuliza mara mbili kwa nini kamba ya mnyama inakaa juu ya meza ya chakula. Nimeisogeza ukingoni tu. Ni mwanamke mwema na sitaki kugombana naye wiki ya kwanza.

Nina habari ya kukupa na nimekuwa nikiizunguka tangu Ijumaa. Biharusi hayupo tena. Nitakueleza kwa mpango, tangu mwanzo, maana wewe ulikuwa hupendi mtu akuanzie habari katikati. Na yapo mambo nitakayokulaumu, kwa hiyo nivumilie.

Unakumbuka siku alipoletwa Kendwa? Wakati ule ulikuwa umeshaacha gari la ng'ombe, umeajiriwa kwenye mabanda ya farasi ya yule mama wa Kizungu ambaye nyote mlimwita Madamu. Ulianza kama mlinzi wa lango, ukaishia kuwa mtu wa farasi, bila kusomea popote, kwa sababu tu farasi walikuwa wakitulia ukiwapo. Mimi nilikuwa jikoni nakuna nazi. Nikasikia lori, kisha vishindo vya kwato kwenye mbao, kisha wanaume wanne wanapiga kelele kwa pamoja. Nilipochungulia nilimwona farasi jike wa kijivu, amelowa jasho, macho yamemtoka, anazunguka ndani ya uwanja wa mchanga na hakuna mtu aliyethubutu kumsogelea. Alikuwa amevushwa kutoka bara ndani ya sanduku, kwenye meli ya mizigo, na huko njiani lilimpata jambo ambalo hakuna aliyeweza kutueleza.

Siku tatu alisimama pembeni amegeukia ukuta. Watu wa kijijini walikuja kumtazama, naye akawapa makalio. Madamu alikuwa na jina lake refu la kwao, hata nyinyi wafanyakazi mlishindwa kulitamka. Wewe ukasema, "Huyu biharusi huyu. Hataki kuonwa uso mpaka atolewe kipa mkono." Watu wakacheka, na jina likamganda. Kipa mkono chake kilikuwa kipande cha muwa, ulichokiweka juu ya mchanga kisha ukaondoka, na hakukigusa mpaka kesho yake.

Kisha ukaanza kazi ambayo mimi niliiona ya ajabu. Uliingia uwanjani na ndoo, ukaigeuza, ukaikalia, ukampa mgongo. Asubuhi nzima. Kesho yake hivyo hivyo. Nilikuletea chai, nikakukuta umekaa unaangalia miguu yako mwenyewe, na farasi yuko kule mwisho wa uzio ananusa hewa.

"Sasa hii ndo kazi?" nikakuuliza. "Kukaa?"

"Nnamngoja aniulize."

"Akuulize nini?"

"Mie nani."

Nilirudi nyumbani nikacheka peke yangu. Nilidhani umeanza kuchoka akili. Lakini siku ya tisa ulikuja nyumbani ukakaa kwenye mkeka unajishika nyuma ya shingo, na nilipokubana ukasema amekuja, amesimama nyuma yako, amekupumulia hapo. Ulikataa kuoga shingo mpaka adhuhuri ya kesho yake, mwanaume mzima, na mama yako alipokwambia unanuka ulitabasamu tu.

Nakumbuka pia ulivyonifanya mimi farasi. Ulikuwa umeanza kumvalisha kamba ya kichwani na ulitaka kujua mkono wako una uzito gani. Ukanisimamisha uani, ukanipa ncha ya kamba hii hii, ukaniambia nifumbe macho. "Nikivuta ukahisi, nambie. Usingoje iwe sana." Ukavuta. Nikasema nimehisi. Ukavuta tena kwa uchache zaidi, nikahisi tena. Tukaendelea mpaka ikawa unavuta kwa vidole viwili na mimi napiga hatua. Kila nikipiga hatua, kamba inalegea papo hapo. Ndiyo ilikuwa kanuni yako yote, hukuwa na nyingine: akikupa hatua, mpe kamba. Mama yako, Bi Mize, akatoka chumbani, akatukuta katika hali hiyo, akasimama mlangoni na kanga yake kichwani.

"Makame, mke wako umemtia kamba?"

"Tunajifunza, mama."

"Na yeye kakubali?"

Nilikuwa nimekubali. Sijawahi kukwambia, lakini nilipenda ile hali ya kufumba macho na kujua upande wa pili wa kamba yuko nani.

Kisha likaja suala la nguo. Tuligundua kwamba Biharusi anaweza kuvumilia lori, mbwa na hata watoto wanaopiga madebe, lakini nguo inayopepea haiwezi. Kanga kwenye kamba ya kuanikia, turubai, buibui la mtu anayepita njia. Akiona kitambaa kinainuka tu, alikuwa anaruka na kuondoka bila kutazama anakokwenda. Na Kendwa pana upepo, na kila mwanamke ni nguo. Ulikuja nyumbani umeshika kichwa. "Kisiwa kizima hichi kinapepea," ukasema. "Atakwenda wapi?"

Ndipo ukaniajiri. Kila siku baada ya kazi za jikoni nilikuja na kanga yangu ya manjano, ile iliyotoboka kwa cheche za jiko, nikasimama mbali. Ulihesabu nguzo za uzio. Nguzo ya ishirini nilipeperusha kanga kidogo, nikaishusha alipotulia. Si kabla hajatulia na si baadaye. Ulinigombeza sana juu ya hilo. Kesho nguzo ya ishirini tena. Keshokutwa ya ishirini tena. Wiki nzima ilipita ndipo ukanisogeza nguzo moja, na mara upepo ukatuharibia tukarudi tulikotoka. Nilikwambia nimeshazeeka kwa ajili ya farasi wa watu. Ukaniambia, "Nguzo tuliyoipoteza twajua ilipo. Njoo." Wanawake wenzangu walipita njia wakiniuliza kama nakausha kanga au naita ndege.

Sisi hatukujaaliwa mtoto, Makame, na sitaki kusema farasi alikuwa mtoto, maana mtoto ni mtoto na mnyama ni mnyama. Lakini miezi ile tulikuwa na jambo la kuzungumza wakati wa kula. Wewe ulieleza sikio lake lilivyokaa, mimi nilieleza pua yake. Tuligombana juu ya nguzo ya saba kana kwamba ni shamba la urithi.

Siku niliyomgusa kwa kanga, alikuwa anatetemeka begani tu, sehemu ndogo kama kiganja. Nikampitishia mgongoni taratibu, nikaiacha hapo. Hakuondoka. Akalamba midomo, akatafuna hewa, kisha akashusha kichwa chini mpaka pua ikakaribia mchanga. Wewe ulikuwa umeshika kamba imelegea kabisa. Ukaninong'oneza: "Akikuinamishia kichwa, basi kamaliza kukuogopa." Macho yako yalikuwa mekundu na ukasingizia mchanga.

Ulianguka wiki chache baada ya hapo, ukiwa unafunga lango la mabanda. Presha. Walikuleta nyumbani ukiwa umeshaondoka, na mimi nilikuwa nimeshakupakulia wali.

Sasa naanza yale usiyoyajua.

Baada ya hitma ya siku ya tatu tulitoa nguo zako sadaka, kama desturi. Nilizikunja mwenyewe. Mama yako akauliza kama kuna nguo nyingine, nami nikaenda nikaishusha ile ya kazi, shati lako lililokuwa likining'inia nyuma ya mlango. Ilikuwa inanuka farasi na jasho lako. Niliona aibu kutoa sadaka nguo yenye harufu, nikaifua kwa sabuni ya unga, nikaisuuza mara tatu, nikaianika, nikaitoa. Sikufikiri. Ilipokuja kunipitia akilini kwamba ile nguo ndiyo kitu pekee ambacho ningeweza kumpelekea Biharusi anuse, ilikuwa imeshavuka kwenda Tumbatu, na mwenye kuivaa hawezi kutoa tena harufu yako hata nikimpigia magoti.

Nikakaa eda. Miezi minne na siku kumi ndani ya nyumba ile, na mabanda yako hatua chache tu nyuma ya ukuta wetu. Unajua mwenyewe dirisha la jikoni linaelekea wapi. Siku za mwanzo alikuwa akilia kila asubuhi saa ile uliyokuwa ukifungua lango. Analia, ananyamaza, anasikiliza, analia tena. Mimi niko ndani na nguo yangu nyeupe.

Madamu alimwajiri mtu mwingine, bwana mmoja anaitwa Seif, aliyesema amewahi kufanya kazi na farasi kwingine. Sisemi alikuwa mtu mbaya. Alikuwa na haraka. Msimu wa wageni ulikuwa unakaribia, na farasi aliyekaa bure alimwonesha kuwa hajui kazi. Akamtia lijamu la chuma mdomoni, akamfunga kwenye nguzo, akampiga turubai mgongoni mpaka azoee. Nilisikia yote. Nilisikia turubai, nilisikia kwato zikipiga mbao, na nilijua kwa mlio tu kwamba turubai inaendelea wakati ametulia na inaendelea wakati hajatulia, kwa hiyo hakuna anachoweza kujifunza isipokuwa kwamba hakuna njia ya kutoka.

Nilimfuata mama yako. Nikamwambia niruhusu nitoke mara moja tu, nusu saa, nikamwoneshe yule bwana.

Bi Mize aliiweka tasbihi yake chini. Alikuwa amefiwa na mwanawe, na mimi nazungumza farasi.

"Mwanamke wa eda anatoka kwa dharura, mwanangu," akasema. "Maradhi. Njaa. Farasi si dharura."

"Ni kazi ya Makame, mama."

"Makame ashazikwa. Mstahi."

Nikarudi chumbani. Nilikuwa na hasira, na nitakwambia ukweli, hasira yangu haikuwa juu yake wala juu ya Seif. Ilikuwa juu yako. Ulimfundisha yule farasi kutuamini sisi wawili tu, kana kwamba hatutakufa. Miezi yote ile hukumwita mtu mwingine hata mmoja aingie uwanjani, wala Madamu mwenyewe, ukisema watakuharibia. Ulikuwa bora kuliko wote na ulijua, na ulipenda kuwa yeye anakuja kwako peke yako. Ndiyo, ulipenda. Na mimi nilipenda kuwa wa pili. Sasa wewe uko chini ya ardhi na mimi niko nyuma ya ukuta, na hakuna mtu mwingine duniani aliyewahi kuvuta ile kamba kwa vidole viwili.

Mwezi wa tatu wa eda Biharusi alimwangusha mgeni. Mwanamke wa watu alivunjika mfupa wa bega, akapelekwa hospitali. Kanga ya mchuuzi wa ufukweni iliinuka, basi. Seif akaacha kazi wiki ile ile.

Siku niliyotoka eda, wanawake walikuja mapema. Unajua mambo yalivyo. Wakaniogesha, wakanisuka, wakanitia wanja, wakanivalisha nguo mpya. Mama yako akatoa chetezo, akanifukiza udi mpaka moshi ukanitoka kwenye mikono ya nguo, kwa mapenzi kabisa, akilia na kuniombea dua. Kisha nikavaa buibui jipya ambalo kaka yangu alilileta kutoka Mjini. Miezi minne nilikuwa nangoja asubuhi ile. Walipoketi kula, mimi nikatoka mlango wa nyuma, nikaenda mbio moja kwa moja mpaka mabandani.

Makame, nilikwenda mbio. Nikiwa na buibui jeusi linapepea pande zote, nanuka udi na marashi, mimi ambaye kila siku nilikuwa nakwenda kwake na kanga iliyotoboka na harufu ya vitunguu. Nililijua jambo hilo kuliko mtu yeyote na sikulikumbuka. Nilimwita jina lake kutoka mbali kwa furaha. Aligeuka akaona kitu cheusi kinamjia, akajitupa kwenye uzio. Akauvunja. Akaangukia mbao, akainuka, akajitupa tena. Alichanika goti la mbele mpaka nyama ikaonekana. Madamu alikuwa amesimama barazani anatazama.

Aliniambia baadaye, na Kiswahili chake unakijua: "Asha, hata wewe. Kama hata wewe, basi nani?"

Nilimwomba anipe muda. Akasema atanipa wiki sita, mpaka msimu mwingine wa wageni uanze. Farasi akiweza kupandwa na mtu yeyote akatulia, atabaki. Asipoweza, atamwita daktari wa mifugo na sindano, maana hawezi kumuuza farasi anayevunja watu, na hawezi kumweka mnyama ambaye hakuna mtu wa kumkaribia. Na mimi nisingekuwapo; nyumba ile ilikuwa inarudi kwa ndugu zako, na kila mtu alijua ninarudi kwetu. Nilimwambia basi nitakwenda naye Mjini. Alinitazama, nami nikajisikia mpumbavu kwa kusema vile. Farasi ndani ya Mkunazini, apite wapi, alale wapi.

Nikachukua ndoo, nikaigeuza, nikaikalia, nikampa mgongo.

Nilivaa kanga ile ile ya manjano. Nilipaka mikono kitunguu, utanicheka. Sikumtazama. Goti lake lilikuwa linapona vibaya na nzi wanamsumbua, na mimi naangalia miguu yangu. Siku ya tisa hakuja. Siku ya kumi na tano hakuja. Wewe alikujia siku ya tisa akiwa hajui kitu. Mimi nilikuwa najaribu kumrudisha mtu ambaye alishakuja mara moja akaona kilichompata. Nilianza kuhesabu siku zilizobaki badala ya nguzo, na wewe ungenigombeza kwa hilo.

Siku ya ishirini na mbili nilisikia mchanga nyuma yangu. Akanipumulia shingoni. Sikufurahi kama ulivyofurahi wewe. Nilihesabu tu, nikaona hazitatosha.

Zilizobaki tulifanya tulichoweza. Kamba ya kichwani aliikubali. Vidole viwili, hatua moja, legeza. Kulia, kisha kushoto, maana ulisema jicho la kushoto halijui lilichokiona jicho la kulia. Kanga kwenye nguzo ya ishirini, ya kumi na tisa. Tuliruka nguzo, Makame. Ulinikataza maisha yako yote na mimi nikaruka nguzo, kwa sababu tarehe ilikuwa inakuja, na kila niliporuka alilipa kwa kutetemeka. Lakini alikaa. Nilipokuwapo mimi alikaa.

Siku yenyewe ilipofika Madamu aliamua kumpanda mwenyewe. Sikumkatalia heshima hiyo; ni mwanamke hodari na aliogopa, na bado alikuja. Alimtandika taratibu, mimi nimeshika kamba. Akapanda. Biharusi akatembea hatua sita, saba, masikio yametulia. Nikaanza kuamini. Kisha Madamu akaniashiria niachie, niondoke, kwa sababu ndilo lilikuwa jambo lenyewe, awe mtulivu bila mimi. Nikaachia. Nikatembea kuelekea langoni. Biharusi akasimama akanitazama ninavyokwenda, akatazama kila upande, na sijui ni nini kilichoinuka, labda kipande cha mfuko wa saruji. Nilisikia tu. Nilipogeuka, Madamu alikuwa chini na farasi yuko kule pembeni, amegeukia ukuta, kama siku ya kwanza.

Madamu hakuumia. Alikaa pale pale mchangani, akalia, na mimi nikakaa karibu yake. Tulijua sote wawili.

Daktari alikuja Ijumaa asubuhi. Nyuma ya mabanda, kule kwenye mawe, walikuwa wameshachimba. Wafanyakazi walikuwa wamejiandaa na kamba nne, wanaume sita, maana walikumbuka siku alipoletwa. Nikawaambia wakae mbali. Nikasema atakwenda na mimi, na hakuna atakayemfunga.

Nilimvalisha kamba ya kichwani akiwa ametega sikio. Nilisimama begani kwake, upande wa kushoto, nikapiga hatua. Hakungoja nivute. Alikuja. Tulipita mbele ya kamba ya kuanikia, zilikuwa kanga tatu na shuka zinapepea, akazitazama akapita. Tulipita kwenye turubai lililofunikia mchanga, lile aliloogopa kuliko yote, likapiga kelele, naye akatetemeka begani mara moja, pale pale padogo, akaendelea. Kamba ilikuwa inaning'inia baina yetu, imelegea njia nzima. Alifanya kila kitu, Makame. Siku hiyo alifanya kila kitu tulichowahi kumwomba.

Daktari alikuwa na mkoba wake. Akamtazama, akanitazama mimi, akamtazama Madamu.

"Ndo huyu?" akauliza.

"Ndiye," nikasema.

"Mbona mtulivu?"

Madamu alitazama chini. "Kwake tu," akasema.

Ilikuwepo nafasi pale ya mtu kusema kitu. Nimeipitia mara nyingi nafasi ile, tangu Ijumaa, nikiwa nimelala na nikiwa nakata mboga. Ningesema nini? Kwamba nitabaki? Nibaki nyumba ya nani? Niliitoa kanga yangu ya manjano kutoka mabegani, nikamfunika macho na shingo ili asione mkoba. Kanga, Makame. Nilimfunika kwa kanga na hakusogea. Akalamba midomo, akatafuna hewa, kisha akashusha kichwa taratibu, akaniwekea kwapani, na uzito wake wote akaniachia mimi.

Daktari akasema asante mama, mshike hivyo hivyo. Nikamshika hivyo hivyo.

Wamemzika na kanga. Kamba nimekuja nayo.

Watu wananiambia nimefanya jema, hakuogopa, hakuteseka. Mama yako naye alinishika mkono siku ninaondoka, akasema Makame angeridhika. Sijui. Najua tu kwamba kama nisingekaa kwenye ile ndoo wiki sita, angekufa anapigana na wanaume sita, na angalau angekuwa anajua ni nini kinachomjia. Mimi nilimfundisha upya kwamba nikiwa begani kwake hakuna baya. Halafu nikampeleka. Kazi yako yote ya subira, mume wangu, na yangu, ilifaa kwa hilo tu.

Nakuombea dua kila sala. Sikasiriki tena, nimechoka tu. Kaka yangu ananihurumia na wifi ameshaanza kutaja jina la mjane mmoja wa kiume huko Vikokotoni, mtu mzuri, mpole. Nimemwambia wifi asinifuate na habari hizo. Baadhi ya asubuhi nageuza kiti kitazame ukuta, nakaa, nafumba macho, na kamba hii nimeishika upande wangu. Nangoja nihisi kitu kidogo, vidole viwili tu. Kamba haina mtu.

Basi lala, Makame. Ukimwona huko, ikiwa wanyama nao wanaonwa, usinisemee chochote kwake. Mgeuzie mgongo tu, ungoje akuulize.

Mkeo,
Asha